Kutazama kipindi cha kusikiliza Kiingereza: uangalie nini ukikaa nyuma ya darasa

Mwanafunzi wa Rubafu anapoanza kidato cha kwanza, mara nyingi Kiingereza huwa kwake lugha ya tatu. Nyumbani, kwenye migomba na kahawa, na kule mwaloni, amekua akisikia Kihaya. Shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili, kwa kuwa tangu mwaka 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma. Kiingereza alikisoma kama somo moja kati ya mengine. Akivuka kwenda sekondari mambo yanageuka: bayolojia, jiografia, fizikia, kemia na hisabati, yote kwa Kiingereza.

Hapo ndipo wengi wanapokwama, na wanaanza kukwama masikioni. Mwalimu anaeleza, mtoto anaona midomo inatembea. Kilichoandikwa ubaoni anakinakili, kilichosemwa tu kinampita. Mwisho wa muhula ripoti inakuja na alama za chini katika masomo matano au sita, na mzazi anasema mtoto amekuwa mvivu. Pengine si uvivu. Pengine hajafundishwa kusikiliza.

Ndiyo maana leo tunaeleza kipindi cha kusikiliza Kiingereza kinavyokwenda, na namna ya kukitazama ukiwa umekaa nyuma ya darasa. Tunamwandikia mzazi, mjumbe wa bodi ya shule, na mwalimu mpya aliyeombwa kumtazama mwenzake. Jambo la kwanza tunaloomba ulishike ni hili: huhitaji kujua Kiingereza ili utazame kipindi hiki. Wa kutazamwa ni watoto.

Kusikiliza nako hufundishwa?

Lugha ina stadi nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Kusoma kuna kitabu, kuandika kuna daftari, kuzungumza kunasikika. Kusikiliza hakuonekani, ndiyo maana ni rahisi kukuruka. Lakini muhtasari wa somo la Kiingereza kwa sekondari wa mwaka 2005 uliweka kusikiliza tangu kidato cha kwanza, na kidato cha tatu ukaweka mada nzima ya kusikiliza ili kupata taarifa kutoka vyanzo mbalimbali. Kwa hiyo mwalimu anayetenga kipindi cha kusikiliza hapotezi muda wa watoto.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya na kipindi hiki. La kwanza ni imla. Mwalimu anatamka, watoto wanaandika neno kwa neno. Imla ina faida zake, hasa kwa tahajia, lakini mtoto anaweza kuandika sentensi nzima bila kosa na asijue inasema nini. La pili ni mtihani uliovaa nguo za somo. Mwalimu anasoma habari mara moja, anauliza maswali kumi, anasahihisha, anatoka. Hapo amepima nani tayari anasikia. Yule asiyesikia ametoka darasani kama alivyoingia.

Somo la kweli ni lile linalomsaidia mtoto kusikia leo kile ambacho asingekisikia jana.

Fikiria matangazo ya vifo

Sisi watangazaji tunalijua hili kwa njia yetu. Redio inaweza kuwa imewashwa tangu asubuhi, watu wanamenya ndizi, watoto wanapiga kelele, hakuna anayefuatilia. Yakianza matangazo ya vifo, nyumba inanyamaza. Bibi anasikiliza mambo matatu: jina la marehemu, kijiji, na siku ya mazishi. Mengine yanampita, wala hayamsumbui. Anajua anachotafuta, kwa hiyo anakipata hata kama redio inakwaruza.

Huko ndiko kusikiliza kwa lengo. Ndiyo maana pia tangazo la namna hiyo hurudiwa, na ndiyo maana taarifa ya habari huanza na muhtasari na kumalizia na muhtasari. Hatumwachii msikilizaji ashike kila kitu kwa mara moja.

Nchi yetu ilishaitumia njia hii kwa watu wazima. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika kwa vikundi vijijini, wakiwa na kiongozi wa kikundi na kijitabu. Walisikiliza pamoja, kisha wakajadili na kukubaliana la kufanya, kama kuchimba choo au kufyeka majani karibu na nyumba. Redio peke yake isingetosha. Kilichofanya kazi ni yale yaliyofanyika kabla na baada ya kusikiliza.

Jirani zetu wa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walifundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya chini ya shule za msingi. Zanzibar, kuanzia mwaka 2006, mradi wa RISE ulipeleka masomo ya redio kwa watoto wadogo. Katika masomo ya aina hiyo sauti ya redio huuliza, halafu hunyamaza kidogo. Ule ukimya umewekwa kwa makusudi: ni nafasi ya mtoto kujibu, kuimba, kusimama au kuonyesha kwa kidole. Mtoto anasikiliza kwa sababu anajua sasa hivi ataombwa kufanya kitu.

Hatua tatu za kipindi

Kipindi cha sekondari ni dakika 40. Tuchukue mfano. Tuseme mwalimu wa kidato cha kwanza hapa Rubafu ametunga tangazo fupi la Kiingereza kuhusu boti inayokwenda Bukoba mjini. Boti inaondoka "half past seven" asubuhi, itabeba magunia "thirty" ya dagaa, na upepo ukiwa mkali haitaondoka.

Hatua ya kwanza ni kabla ya kusikiliza. Mwalimu mzuri haanzi kusoma tu. Anauliza nani amewahi kupanda boti, tangazo la safari huwa linasema nini. Watoto wanabashiri: saa, nauli, mizigo, hali ya ziwa. Anaandika ubaoni maneno mawili matatu magumu. Halafu anawapa swali kabla hajasoma: sikilizeni, boti inaondoka saa ngapi? Sasa kila mtoto ana kitu cha kutafuta, kama bibi na matangazo yake.

Hatua ya pili ni wakati wa kusikiliza. Mara ya kwanza wanasikiliza ili wajue habari inahusu nini, kalamu zikiwa chini. Mara ya pili wanasikiliza ili wajibu maswali. Mara ya tatu wanahakiki. Kusoma mara mbili au tatu si kuwadekeza. Mwalimu asome kwa mwendo wa kawaida na kuweka vituo kati ya sentensi. Akivuta neno moja moja, watoto watazoea Kiingereza ambacho hakuna mtu anayekizungumza.

Hatua ya tatu ni baada ya kusikiliza, na hapa ndipo somo lenyewe lilipo. Watoto wanalinganisha majibu wawili wawili, kisha mwalimu anauliza swali ambalo wengi hawaliulizi: umesikia nini hadi ukapata jibu hilo?

Tazama linavyofanya kazi. Watoto kumi wameandika kwamba boti inaondoka saa saba na nusu. Mwalimu mwenye haraka atasema wamekosa, atawapa jibu, atasonga mbele. Mwalimu anayefundisha atauliza, na atagundua kwamba watoto wale walisikia vizuri kabisa. Walisikia "seven", wakaandika saba. Masikio yao hayana kosa. Kilichowaangusha ni saa: "half past seven" ya asubuhi kwa Kiingereza ni saa moja na nusu kwetu. Mtu akifika mwaloni saa saba na nusu mchana, boti imeondoka saa sita zilizopita. Somo linalohitajika hapo ni la dakika tano kuhusu saa, wala si kurudia tangazo kwa sauti kubwa zaidi.

Mtoto mwingine ameandika magunia 13. Huyu kosa lake ni la sikio. Dawa yake ni nyingine. Majibu mawili yamekosewa kwa sababu mbili tofauti, na alama ya mkasi haitofautishi.

Masikio ya huku kwetu

Mtazamaji wa Rubafu ana faida: anajua lugha ambazo masikio ya watoto hawa yamezoea. Baadhi ya makosa yanatoka huko, na yakijulikana yanatibika.

Kiswahili kina irabu tano tu. Kiingereza cha Uingereza kinahesabiwa kuwa na sauti za irabu ishirini hivi. Ndiyo maana "ship" na "sheep", meli na kondoo, vinaweza kuingia katika sikio moja kama kitu kimoja. Lakini Kihaya hutofautisha irabu fupi na ndefu. Ukivuta sauti, neno linaweza kugeuka maana. Mtoto wa Kihaya tayari ana sikio la urefu wa sauti. Sauti hizi mbili za Kiingereza hazitofautiani kwa urefu tu, lakini urefu ni mlango mzuri wa kuingilia. Mwalimu akisema, "hapa vuta kama mnavyovuta kwa Kihaya," amemwonyesha mtoto kwamba lugha ya nyumbani ni mtaji.

La pili ni mkazo. Katika Kiswahili mkazo kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza hakina utaratibu huo, na mahali mkazo ulipo husaidia kujua neno. Sikiliza "thirty" na "thirteen", au "fifty" na "fifteen". Kwenye thelathini na hamsini uzito uko mwanzoni. Kwenye kumi na tatu na kumi na tano, zikisemwa peke yake, uzito uko mwishoni. Asiyefundishwa kusikiliza uzito huo atakosea bei, tarehe na namba ya ukurasa.

La tatu ni miisho. Maneno mengi ya Kiswahili na Kihaya humalizia kwa irabu. Maneno mengi ya Kiingereza humalizia kwa konsonanti, na sauti ya mwisho mara nyingi ni ndogo sana. Katika "walked" ile alama ya wakati uliopita inasikika kama t nyembamba tu. Ikipotea, mtoto hajui kama jambo limeshatendeka.

La nne, Kiingereza hubana maneno madogo. "Will not" ikisemwa haraka huwa "won't". Katika tangazo letu neno hilo limebeba kila kitu: boti haitaondoka. Aliyelikosa anaenda mwaloni kusubiri boti isiyokuja.

Kabla ya kuingia darasani

Usiingie kama mkaguzi wa kushtukiza. Ukiwa mzazi, anza kwa mkuu wa shule, naye atakukutanisha na mwalimu. Mwulize mwalimu mambo mawili: leo unataka watoto waweze kufanya nini mwishoni mwa kipindi, na ungependa nikuangalizie nini? Mwalimu akijua umekuja kumsaidia kuona asichoweza kuona akiwa mbele, hofu inapungua.

Ingia kabla kipindi hakijaanza. Kaa nyuma, pembeni, mahali unapoona nyuso za watoto angalau wa upande mmoja. Simu iwe kimya, na usipige picha za watoto. Usijibu swali, usimsaidie mtoto, usitikise kichwa mtu akikosea. Chukua karatasi, igawe safu mbili: upande mmoja andika ulichoona, upande wa pili andika unachofikiri. Usizichanganye. "Watoto saba wa nyuma hawakuandika kitu" ni ulichoona. "Watoto wa nyuma hawapendi somo" ni unachofikiri, na huenda si kweli.

Mambo ya kuandika

Je, watoto walipewa swali au kazi kabla ya kusikiliza, au baada? Ikiwa baada, walisikiliza gizani.

Walisikia mara ngapi?

Ni nani waliojibu? Hesabu. Darasa la watoto 60 linaweza kuonekana limechangamka sana kumbe wanajibu walewale watano wa mbele.

Darasa zima likijibu kwa pamoja "yes", tazama midomo na madaftari. Kuitikia kwa pamoja kunaficha wasioelewa.

Mtoto akikosea, mwalimu alifanya nini? Alimnyamazisha, alimpa jibu, au alimrudisha kwenye sauti asikilize tena?

Nani alizungumza zaidi? Kama mwalimu alisoma habari dakika mbili kisha akaeleza maana yake kwa dakika ishirini, watoto wamesikiliza maelezo, hawajafanya kazi ya kusikia wenyewe.

Tazama pia dakika ya kusikiliza yenyewe. Mtoto anayesikia huonekana: anatulia, kalamu inagusa karatasi mahali fulani, uso unabadilika akipata alichotafuta. Asiyesikia humtazama jirani. Huhitaji Kiingereza kuliona hilo.

Bati, mvua na mtoto wa nyuma

Upande huu wa Bukoba hupata mvua nyingi, kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua ikigonga bati lisilo na dari, mwalimu hasikiki hata mstari wa tatu. Shule hailaumiwi kwa mvua, lakini kipindi kinaweza kupangwa. Nyakati za masika na vuli, mwalimu anaweza kuweka kusikiliza saa ambazo mvua si kawaida kunyesha, au kuwa na kazi ya kusoma ya akiba. Anaweza pia kusogea katikati ya darasa badala ya kusomea ubaoni.

Vifaa vya gharama si lazima. Sauti ya mwalimu inatosha, na mwalimu wa somo jingine akialikwa kusoma, watoto wanazoea sauti tofauti. Simu yenye sauti iliyorekodiwa inafaa ikiwa na spika ndogo. Simu peke yake katika darasa la watoto 60 ni ya mstari wa mbele tu. Hapo mtazamaji wa nyuma ndiye shahidi: kama wewe husikii, na aliye mbele yako hasikii.

Na huenda ukaona jambo kubwa zaidi. Mtoto anayegeuza sikio moja daima, anayetazama mdomo wa mwalimu badala ya daftari, anayechelewa kucheka wenzake wanapocheka, anayeandika tu baada ya kuona ya jirani. Huyo pengine hana tatizo la Kiingereza. Pengine ana tatizo la masikio, na katika lugha zote. Usiseme mbele ya darasa. Mwambie mwalimu faraghani, asogezwe mbele, mzazi ajulishwe ampeleke kituo cha afya akapimwe. Kuna watoto wanaoitwa wazito miaka mingi kumbe hawasikii vizuri. Dakika 40 za kukaa nyuma zinaweza kumwokoa mmoja.

Akijibu kwa Kiswahili, amekosa?

Shule nyingi zina kanuni ya kuzungumza Kiingereza tu. Lengo lake linaeleweka. Lakini katika kipindi cha kusikiliza, swali ni moja: mtoto ameelewa alichosikia? Akijibu kwa Kiswahili kwamba upepo ukiwa mkali boti haitaondoka, amesikia, na amesikia sawasawa. Kulisema kwa Kiingereza ni hatua inayofuata, na ni stadi nyingine. Mwalimu akilikataa jibu kwa sababu ya lugha, atawarekodi watoto wanaosikia kuwa hawasikii, na wenyewe watajifunza kunyamaza. Kuna njia zisizohitaji maneno kabisa: kuchora, kuweka alama kwenye picha, kupanga matukio kwa namba, kunyoosha mkono wakisikia saa.

Baada ya kipindi

Usimkimbilie mwalimu mlangoni na orodha ya makosa. Mpe nafasi, kisha anza kwa kumwuliza yeye aliona kipindi kimeendaje. Mara nyingi atataja mwenyewe kile ulichoandika. Halafu mpe ulichoona, kwa hesabu: "Mwalimu, waliojibu walikuwa wanane, sita wako mistari miwili ya mbele." Hesabu haimtukani mtu. Malizia kwa jambo moja la kujaribu kipindi kijacho. Ukimpa kumi, hatafanya hata moja.

Nyumbani nako kuna kazi, hata kwa mzazi asiyejua neno la Kiingereza. Jioni mwulize mtoto: leo mwalimu wa bayolojia amesema nini? Mwache aeleze kwa Kihaya au kwa Kiswahili. Akieleza, sikio lake linafanya kazi. Akisema "ameandika ubaoni, nimenakili," siku ya kwanza si neno. Wiki tatu mfululizo jibu likiwa hilohilo, usingoje ripoti ya mwisho wa muhula. Nenda shuleni, omba kiti cha nyuma.